Baiskeli ya Watu Wawili: Maandalizi Yetu ya Safari Ndefu



Tangu mwezi wa pili mwaka huu majirani zetu hapa Dodoma wamekuwa na jambo la kutazama. Kila Jumamosi alfajiri mama wa makamo, aliyevaa suruali pana chini ya gauni, hupita mtaani akiendesha baiskeli ndefu yenye viti viwili. Kwenye kiti cha nyuma hukaa mumewe, kofia kichwani, naye hukanyaga pedeli kwa bidii. Watoto hutukimbilia wakishangilia. Fundi viatu wa pale kona alituuliza kama baiskeli yetu ina mimba.

Hao ndio sisi. Nyumbani twaitana Baba na Mama, kama watoto wanavyotuita, na hapa pia tutajitaja hivyo ili msomaji ajue nani alifanya nini. Mungu akitujalia, wiki ya kwanza ya mwezi wa saba tutaondoka Dodoma kwenda Iringa kwa baiskeli hiyo, mwendo wa kilometa 260 hivi. Mtauliza, kwa nini watu wazima wenye watoto wanne na mjukuu wajitese hivyo, na mabasi yapo? Yafaa tuanze na swali hilo.

Kwa nini si basi

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka zaidi ya ishirini alikwenda kazini kwa baiskeli. Siku za Jumapili Mama alikaa kwenye keria, mtoto mgongoni, kikapu mapajani. Miaka sita iliyopita Baba alianza kujigonga bega kwenye milango na kumwaga chai iliyowekwa pembeni yake. Tulidhani ni haraka tu, na Mama alimlaumu. Tulipokwenda kwa daktari wa macho tuliambiwa ni presha ya macho, ile iitwayo glakoma.

Ugonjwa huu huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka habari kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Aghalabu hauumi. Huanza kula uwezo wa kuona pembeni, polepole, na mtu huja kutambua akiwa amekwisha kupoteza mengi. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone, na pengine upasuaji, husaidia kulinda kile kilichobaki. Akina mama wenzetu, ikiwa wewe au mumeo mmefika miaka arobaini, na hasa kama kuna ndugu wa damu aliyepata ugonjwa huu, nendeni mkapimwe macho, msingojee dalili.

Leo Baba huona kama mtu anayechungulia kwenye bomba jembamba. Kwao ni Iringa, na mama yake mzazi angali hai huko. Krismasi iliyopita alituambia kwamba angependa kuipita tena barabara ya kwao wakati angali na hicho kidogo, aione mibuyu na maji ya Mtera, na afike kwa mama yake kwa nguvu za miguu yake mwenyewe. “Kwenye basi mimi ni mzigo,” alisema. “Nikipanda nashikwa mkono, nikishuka nashikwa mkono.”

Ndipo tulipokumbuka baiskeli ya watu wawili. Si jambo geni. Katika Michezo ya Paralimpiki wasioona hushindana kwa baiskeli ya namna hii, mwenye kuona akikaa mbele. Wenzetu wa Kenya wanaye Douglas Sidialo, aliyepoteza macho katika mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998. Miaka kadhaa baadaye alisafiri kwa baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo hadi Cape Town. Mama alipomsomea Baba habari hiyo, Baba aliuliza swali moja tu: “Na mbele alikaa nani?”

Baiskeli yenyewe

Tuliipata Dar es Salaam kwa wauza mitumba, kwa bei ya mbuzi wanne, ikiwa na kutu na tairi zilizokauka. Fundi wetu aliifungua yote. Si lazima msomaji ajue ufundi, lakini mambo mawili yafaa yaeleweke.

La kwanza, pedeli za mbele na za nyuma zimeunganishwa kwa cheni yake ya pekee. Wa mbele akikanyaga, za nyuma huzunguka. Akisimamisha miguu, na wa nyuma husimama, atake asitake. La pili, wa nyuma hana usukani. Vishikio vyake vimefungwa chini ya kiti cha mbele na havigeuki. Katika baiskeli yetu hana hata breki. Haoni kinachokuja, maana mbele yake upo mgongo wa mwenzake, hata kama macho yake ni mazima.

Tuliweka tairi mpya pana, breki mpya, na gurudumu la nyuma lenye spoku 40, kwa kuwa hapo ndipo uzito mwingi hukaa. Vipuri tunavyobeba ni tyubu mbili, viraka na gundi yake, pampu, spoku za akiba, nyaya za breki na za gia, kipande cha cheni, spana na chupa ndogo ya mafuta. Mama amejifunza kuziba pancha. Baba huziba pia kwa kupapasa, naye humaliza kabla ya Mama.

Nani akae mbele

Wazoefu hushauri kwamba aliye mzito zaidi akae mbele, kwa kuwa ni rahisi kwake kuituliza baiskeli. Kwetu hapakuwa na uchaguzi. Lakini kwa Baba lilikuwa jambo zito. Mji huu umejaa wanafunzi aliowafundisha, na sasa wangemwona akiendeshwa na mkewe. Mama naye alikuwa na hofu yake, maana tangu aolewe hakuwahi kuendesha baiskeli akiwa na mtu nyuma. Mama mkwe alipopata habari alipiga simu kutoka Iringa. “Mkamwana,” alisema, “umechoka kuwa na mume?”

Tulianza kwenye uwanja wa shule, mahali pasipo magari. Kuondoka ndiko kugumu. Mama husimama akiwa ameibana baiskeli kati ya miguu, Baba hupanda kwanza na kuweka miguu yote juu ya pedeli, kisha tunahesabu na kukanyaga pamoja. Wiki mbili tulifanya hayo tu: kuondoka, kusimama, kukata kona pana. Baiskeli hii ni ndefu, haigeuki kwenye njia nyembamba kama ile ya kawaida.

Jumamosi ya tatu tukatoka mtaani, na ndipo tulipoanguka. Mama aliona tuta mbele. Akili yake yote ilikuwa kwenye usukani, akapita juu yake bila kusema neno. Baba alirushwa, mguu ukateleza kutoka kwenye pedeli, na kwa kuwa pedeli ziliendelea kuzunguka zikampiga kwenye muundi. Baiskeli ikayumba, tukaenda chini. Hatukuumia zaidi ya magoti. Baba aliinuka, akapapasa hadi kwenye ukuta wa jirani, akaufuata ukuta huo mpaka nyumbani bila kusema lolote. Mama aliisukuma baiskeli nyuma yake.

Kwa wiki mbili baiskeli ilikaa imeegemea ukuta wa jikoni na kuku wakalala juu yake. Wala hatukuzungumza habari zake. Usiku mmoja, baada ya watoto kulala, Baba alisema, “Mama, kuanguka siogopi. Nimeanguka mara nyingi maishani. Naogopa kukaa nyuma ya mtu anayeliona shimo na kunyamaza.”

Mama alijua kwamba hasemi habari za tuta peke yake. Tangu Baba augue, Mama alikuwa ameyachukua mambo ya nyumba kimyakimya, kwa nia njema, ili asimwongezee mawazo. Alikuwa amekopa kwenye kikundi chake cha VIKOBA kulipa ada ya mtoto wa mwisho, na marejesho ya miezi miwili yalikuwa yamempita. Baba hakuambiwa. Lakini alikuwa amesikia sauti za wanakikundi mlangoni, na jinsi Mama alivyowajibu kwa kunong’ona. “Yaliyokwenda ni macho,” alisema. “Masikio yapo.”

Mama alikasirika kwanza. Alisema kwamba anabeba kila kitu peke yake na bado analaumiwa. Baba akanyamaza kwa muda, kisha akatoa lake. Kwa muda wa mwezi mzima alikuwa akitia dawa ya macho mara moja kwa siku badala ya mara mbili, ili chupa idumu, kwa kuwa alihisi fedha hakuna na hakutaka kuuliza. Mama aliposikia hayo hasira yote ilimwisha. Yeye alikuwa akificha deni ili kumlinda mume, na mume alikuwa akipunguza dawa ili kulinda mfuko wa mke, na kwa kufichana huko macho yenyewe ndiyo yaliyokuwa yakipotea.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa daktari pamoja, tukamweleza kweli. Alitukaripia kama watoto, na tulistahili. Jioni tulikaa mezani na daftari. Tulipanga deni lilipwe kidogo kidogo kutoka kwenye pensheni ya Baba na mauzo ya maandazi ya Mama, na fedha za dawa zitengwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Marejesho ya mwisho ya deni tuliyatoa mwezi uliopita.

Maneno ya njiani

Baada ya hapo tuliishusha baiskeli kutoka kwa kuku na kuanza upya. Safari hii tulikubaliana maneno. Mama akiona shimo husema “Shimo!” kabla halijafika. Tuta ni “Tuta!”, na vile vituta vidogo vya mfululizo ni “Rasta!” Akitaka tuache kukanyaga husema “Acha,” akitaka nguvu husema “Kaza,” na kabla ya kubadili gia husema “Gia,” ili Baba alegeze miguu kidogo na cheni isikatike. Kona husemwa kabla ya kukata: “Kulia,” “Kushoto.” Lori likija kutoka nyuma, Baba husikia kwanza, naye husema “Lori.” Hiyo ndiyo kazi ambayo Mama hawezi kuifanya vizuri kama yeye.

Wa nyuma naye ana masharti yake. Asijaribu kuigeuza baiskeli kwa kuegemea upande, maana humyumbisha wa mbele. Na akichoka aseme. Mwanzoni Baba alikuwa akikanyaga hadi pumzi inamwishia bila kusema, kwa fahari ya kiume. Mama akidhani mambo ni mazuri huongeza mwendo. Sasa husema “Nimepungua,” nasi hupunguza. Halikuwa neno jepesi kwake.

Mazoezi

Mwezi wa tatu tulikwenda kilometa 10 hadi 15 kila Jumamosi. Mwezi wa nne, mvua zilipopungua, tulifika 30. Mwezi wa tano tulifika 50, na katikati ya wiki tulipanda vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma mara mbili au tatu mfululizo. Mwezi huu tumekwenda 60 kwa siku mbili zinazofuatana, tukiwa na mizigo yote kwenye keria. Siku hiyo ya pili ndiyo inayofundisha. Siku ya kwanza kila mtu ni hodari.

Kwenye mteremko baiskeli ya watu wawili hukimbia kuliko ya mtu mmoja, kwa sababu ya uzito. Breki zikishikwa kwa muda mrefu rimu hupata moto, hata tyubu yaweza kupasuka. Kwa hiyo Mama huanza kupunguza mwendo mapema, hubana na kuachia, hubana na kuachia. Kwenye mlima ni kinyume chake, twaenda polepole kuliko wengine wote. Hapo huwa twaongea.

Mavazi, chakula na mwili

Wengi mmetaka kujua habari za mavazi. Kanga, kitenge au sketi pana huingia kwenye cheni na huweza kuleta ajali. Mama huvaa suruali pana, miguu yake ikifungwa kwa mpira kwenye kifundo, na juu gauni fupi linalofika magotini. Kabla ya kuanza alikwenda kuzungumza na wazee wa kanisa ili habari wasizisikie sokoni. Hakuna aliyepinga. Nguo za ndani ziwe za pamba, zisizo na mshono mnene mahali pa kukalia. Kila baada ya dakika ishirini Mama husema “Juu,” nasi huinuka wote wawili kidogo kutoka kwenye viti. Bila hivyo, huwezi kukaa kanisani kesho yake.

Maji tumepanga lita nne hadi tano kwa kila mmoja kwa siku, pamoja na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Tutakunywa kabla ya kusikia kiu. Chakula ni cha nyumbani: uji kabla ya kuondoka, kisha viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga na zabibu zetu za Dodoma. Twala kidogo kila saa. Dawa ya macho itakaa katikati ya nguo, mbali na jua, na chupa ya pili itakuwa kwenye mfuko mwingine, tusije tukapoteza zote.

Njia

Kutoka Dodoma hadi Fufu ni kilometa 71 hivi. Kutoka Fufu hadi Migori, kupitia Mtera, ni 94. Kutoka Migori hadi Iringa ni 95. Barabara yote ni ya lami siku hizi, na haina malori mengi kama barabara kuu ya Morogoro. Dodoma iko kwenye mwinuko wa meta 1,100 hivi, Mtera iko kwenye 700, na Iringa iko zaidi ya 1,500. Maana yake tutashuka kwanza, kisha tutaanza kupanda tukiwa tumekwisha kuchoka. Kwa hiyo tumejipa siku tano.

Siku ya tatu ni ya mapumziko Mtera, kwenye lile bwawa la Mto Ruaha Mkuu linalohifadhi maji ya umeme. Tutakula samaki, na Baba atakaa akitazama maji kwa kadiri anavyotaka. Mtoto wetu wa kwanza atatufuata hapo kwa basi, alete nguo safi na vipuri tutakavyopungukiwa. Milima ya Nyang’oro, kabla ya kufika Iringa, tumekubaliana tangu sasa kwamba tutaisukuma baiskeli kwa miguu, na ikitushinda tutaomba lifti ya gari la mizigo. Tumekubaliana pia kwamba yeyote kati yetu akisema “Turudi,” hatabishiwa.

Tumechagua mwezi wa saba kwa kuwa mvua haipo na jua si kali sana. Upepo upo. Dodoma huvuma mchana, na kwa sehemu kubwa utatujia usoni au ubavuni. Kwa hiyo tutaondoka kila siku kukipambazuka, na saa sita mchana tuwe tumefika au tumejipumzisha kivulini.

Nyumba tunayoiacha

Akina mama mnajua kwamba safari ya mama haianzi barabarani. Mtoto wa mwisho atakaa kwa mama yake mdogo, na sare zake za wiki mbili zimekwisha kupigwa pasi. Kuku wamepata mlezi. Wateja wa maandazi wamearifiwa. Daftari la fedha tumeliacha mahali ambapo mtoto mkubwa anajua, na Baba anajua kwa moyo kila tarakimu iliyomo, maana Mama humsomea kila Ijumaa.

Bado hatujaondoka, na hatuwezi kuwaahidi kwamba tutafika. Yaweza kutokea pancha, homa, au macho ya Baba yakapungua zaidi kabla ya Mtera. Mama mkwe bado hajakubali, ila juzi aliuliza tutapenda kula nini tukifika.

Nawe, mama mwenzetu, huenda kwako hakuna baiskeli wala ugonjwa wa macho. Lakini katika nyumba nyingi yupo mmoja aliyeshika usukani wa jambo fulani, iwe ni fedha, watoto au wazazi, na yupo mwingine anayekanyaga nyuma bila kuona. Kabla ya mwezi huu kwisha, mkiwa wawili tu, mweleze mwenzako jambo moja ambalo umekuwa ukilipita kimya. Kisha mwulize la kwake, na umpe nafasi ya kujibu.

Mkituombea tutashukuru. Tukirudi salama tutawaandikia habari za njiani.